Siku Kumi na Nne za Kukauka

Jumatatu, 14 Julai

Upepo tangu asubuhi. Vumbi hadi ndani ya chai. Moyo mzito.

Leo kaka Hassani ametimiza wiki ya tano nyumbani kwangu. Alikuja kwa wiki moja. Maneno yake mwenyewe: wiki moja tu, abadilishe hewa. Mkewe, shemeji Shamimu, alifariki mwezi wa nne huko kwetu Kolo. Nani angemfungia mlango mtu mfiwa? Si mimi. Mimi ni mtu wa huruma. Mwanaidi, mke wangu, hajawahi kulisema hilo kwa mdomo, lakini wanawake hawasemi kila kitu.

Tatizo si kaka. Tatizo ni bafu. Kaka anaoga dakika arobaini na tano. Nimepima kwa saa. Hizo ni za asubuhi. Jioni ni hamsini! Mtu aliyekulia kwenye ndoo na kopo! Simtanki linakauka kabla siku yetu ya mgao haijafika. Na akitoka, macho yamemwiva kama ya fundi wa kuchomelea. Nikamwambia Mwanaidi kwamba ile sabuni ya mche inamdhuru. Mwanaidi akaniangalia kwa muda, kisha akaendelea kuchambua mchicha.

Halafu kuna silikoni. Pale trei nyeupe ya shawa inapokutana na vigae vya ukutani, pamepakwa utepe wa silikoni wa kuzuia maji yasipenye. Tulipohamia ulikuwa mweupe. Sasa ni mweusi kwa kuvu, umebanduka kama gaga la kidonda. Maji yanapita chini yake na kutokea koridoni. Rangi ya ukuta imefura malengelenge. Leo nimevaa kiatu cha kazini, soksi ikajibu chwaa! Nimepanga mafaili masjala siku nzima nikiwa na mguu mmoja mkavu na mmoja wa chura.

Jioni nikapitia kwa Urvashi, yule mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akanieleza kwamba silikoni ya zamani hukwanguliwa yote, hupakwa mpya, kisha bafu haliguswi na maji mpaka ikauke.

Bafu haliguswi!

Nikasimama katikati ya misumari na makoleo. Mtu akikosa pa kuoga, ataanza mwenyewe kukumbuka kwake. Hakuna atakayekuwa amemfukuza. Ni silikoni tu!

Akili kama hii, na serikali imeiweka masjala.


Jumanne, 15 Julai

Nimenunua silikoni. Urvashi akaniletea nyeupe. Nikataka nyeusi. Akasema shawa nyeupe huwekewa nyeupe. Nikamfafanulia: kuvu ni nyeusi. Silikoni nayo ikiwa nyeusi, kuvu itaota na hakuna atakayejua. Akaenda kuleta nyeusi. Nadhani hajawahi kupata mteja anayefikiri mbali kiasi hicho.

Akanipa pia bunduki yake, lile fremu la chuma la kukamulia. Nimetembea nalo barabarani nikilielekeza mbele. Nilijihisi mtu.

Nimeanza kukwangua saa kumi. Nimetumia kisu cha vitunguu. Silikoni ya zamani haina adabu. Ukiivuta inarefuka, ukiiachia inakurudia usoni. Baada ya saa nzima nimetoa kipande cha urefu wa kalamu, nimekwaruza trei mahali patatu na nimejikata dole gumba. Inatosha. Sikuwa na haraka. Kazi ikiisha upesi mkakati unakufa.

Kaka akaja mlangoni, akaangalia, akasema anaweza kunisaidia. Amewahi kupiga plasta na kujenga, kwa hiyo mikono yake inajua. Nikamwambia hii ni kazi ya kitaalamu. Nikamwambia pia kwamba dawa hii ya kisasa inakauka kwa siku kumi na nne. Akaomba kuona maandishi ya kwenye tyubu. Nilijua hawezi kuyasoma, miwani yake aliisahau Kolo. Akaigeuzageuza, akanirudishia, akasema basi wazungu wana subira.

Nikangoja aseme kwamba heri arudi nyumbani. Nikangoja na uso wa masikitiko.

Akasema hakuna shida, ataoga kwa ndoo uani, nyuma ya mabati. Akasema hata amekumbuka kuoga nje.

Nilikuwa sijafikiria ua.


Jumatano, 16 Julai

Baridi ya kukata masikio. Mwezi wa saba Dodoma si mchezo, watu wa Dar wanadhani tunatania. Nikajipa moyo: siku moja ya ndoo na upepo huu, kesho atauliza basi la Kolo linaondoka saa ngapi.

Nilimchungulia dirishani. Saa kumi na mbili na nusu, ndoo moja, maji hayajatiwa moto. Dakika tano tu akawa amemaliza. Akapita amejifunga shuka, meno yakigongana, akaniona, akasema, "Umeamkaje, mdogo wangu?" Nikajibu shikamoo. Nikafunga pazia.

Nilipokuwa nasoma sekondari nilikaa kwao miaka minne, enzi hizo wakiishi Kondoa mjini. Kila asubuhi shemeji Shamimu alikuwa ananichemshia maji ya kuoga. Miaka minne. Hata mwezi wa saba, hata siku za mvua kuni zikiwa mbichi. Sijui kwa nini nimekumbuka. Ni upepo.

Mimi mwenyewe sijaoga. Ua si mahali pa ofisa. Nimejipangusa kwa kitambaa kwenye choo cha ofisini. Mudrick, ambaye meza yake iko mkabala na yangu, akafungua dirisha mara mbili. Nikamwambia vumbi linaingia. Akasema vumbi ni nafuu.


Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Tulikuwa mezani. Ugali wa uwele na mlenda. Kaka akamega tonge, akachovya, akala. Kisha nikaona machozi yanamtoka. Hakulia kwa sauti wala hakukunja uso. Alikuwa anatafuna tu, na machozi yanashuka mashavuni, yanaingia kwenye ndevu, mengine kwenye bakuli la mlenda. Mwanaidi akaacha kula. Mimi nikashika chumvi, nikaiweka pale pale ilipokuwa.

Kaka akajifuta kwa kiganja. Akasema, "Mnisamehe. Hili huwa nalimalizia bafuni."

Nje upepo ulikuwa unapiga bati.

Akaeleza, polepole, kama mtu anayeeleza njia. Kule Kolo nyumba imejaa watu, watoto, wajukuu, majirani wanaokuja kutoa pole, na wote wanamtazama kuona kama amepoa. Hapa alipata mlango wenye komeo na maji yanayopiga kelele. Akifungua shawa, hasikiki. Akimaliza anatoka, siku inaendelea. Uani hawezi. Mabati hayazuii sauti, na jirani anapita.

Kwa hiyo haikuwa sabuni.

Mwanaidi akanitazama. Nami nikajua ni wakati wa kusema ukweli. Nilijua kabisa. Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba, nikifikiria vizuri, dawa ile inaweza kukauka kwa siku kumi badala ya kumi na nne.


Ijumaa, 18 Julai

Thomas! Nilijua atatokea tu.

Thomas ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mstaafu, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hospitali ya Mvumi. Ana hita ya maji ya moto, na hajawahi kukaa na mtu dakika tatu bila kuitaja. Leo, tumetoka kuswali Ijumaa, tumefika getini na kaka, Thomas akainua kichwa juu ya ukuta. Akasema amemwona Mzee Hassani asubuhi akitetemeka nyuma ya mabati, na yeye ana bafu zuri limekaa bure. Ana hita. Akamwambia aje aoge muda anaotaka.

Nikamwahi. Nikasema kaka amezoea. Kaka akasema asante sana, akaenda kuchukua taulo.

Alikaa huko saa nzima na dakika ishirini. Kwa maji ya Thomas! Kwa umeme wa Thomas! Ndicho nilichokuwa nakitafuta: simtanki langu limejaa, koridoni pakavu, nyumba kimya. Nimekaa sebuleni kuufurahia ushindi. Haukufurahisha. Nimeupa muda. Bado.

Jioni nikaingia chumbani, nikakuta tyubu ya silikoni juu ya mto wangu, imelazwa kama mtoto mchanga. Mwanaidi alikuwa ameyapigia maandishi yake mstari kwa kalamu nyekundu. Inakauka kwa saa ishirini na nne.

Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikamwambia huenda ni chapa ya zamani. Hakugeuka.


Jumamosi, 19 Julai

Kaka amehama.

Ameshika begi lake dogo, amesimama mlangoni, akasema Thomas amemwomba akae naye siku mbili tatu, maana yuko peke yake. Nilikuwa nimesahau kwamba Thomas naye alifiwa na mkewe. Mwaka wa nane huu. Labda sijasahau, labda sijawahi kuuliza.

Nikamwambia kaka kwamba chumba chake kipo. Akasema anajua. Akasema, "Nawe utafanya kazi yako kwa nafasi, Nurdini." Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Mwanaidi akakunja shuka za chumba kile bila kuzifua. Akaziweka kwenye kiti. Tangu hapo anazungumza na mimi kuhusu chakula tu.

Jioni nikasikia vicheko ng'ambo ya ukuta. Kaka anacheka! Wiki tano sikuwahi kumsikia akicheka hapa. Nikapanda juu ya tofali kuona wanacheka nini. Walikuwa wanachambua choroko na Thomas anasimulia habari za mgonjwa aliyetoroka kwenye gari akakimbilia shamba la mtama. Si hadithi ya kuchekesha hata kidogo. Tofali likapinduka. Nimechubuka goti.

Msikitini, baada ya magharibi, Abdulwahab wa duka la mkaa akaniuliza kwa upole kama ni kweli kaka yangu analala kwa jirani na mimi nina nyumba. Nikamwambia ni suala la ukarabati. Akasema anaelewa. Wote waliokuwa wanavaa viatu wakaelewa pamoja naye.

Lazima arudi. Heshima yangu iko upande wa pili wa ukuta, inaoga maji ya moto.


Jumapili, 20 Julai

Mkakati mpya. Nipake silikoni leo, ikauke kesho, nimwalike kaka rasmi. Bafu jipya. Komeo jipya pia nimefunga. Nitasema dawa imewahi kukauka kwa sababu ya upepo.

Nimekwangua ya zamani iliyobaki? Hapana. Kulikuwa na karibu mita mbili bado. Nikaamua kupaka mpya juu yake. Mtu ana shati kuukuu, anavaa koti juu, nani anaona shati?

Bunduki ile ina hasira. Ukiibonya haitoki kitu. Ukiibonya zaidi haitoki kitu. Ukikata tamaa ukaiweka chini, inatoka yenyewe. Silikoni nyeusi imeenda ukutani, kwenye bomba, kwenye mkeka wa mlangoni, kwenye kanzu niliyokuwa nimeianika. Nilijikuna kidevu. Nina ndevu zilizoshikana upande mmoja. Nyumba nzima inanuka siki. Niliilainisha kwa kidole kama nilivyoona kwenye simu, lakini yule wa kwenye simu alikuwa na kidole kingine.

Mwanaidi akaja kuangalia. Akasimama. Mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unakatika, unapanda kigae cha pili, unashuka. Akasema mtoto anayejifunza kupaka wanja angefanya nafuu. Ni sentensi ndefu kuliko zote tangu juzi. Nimeihesabu kama maendeleo.


Jumatatu, 21 Julai

Saa ishirini na nne zimetimia. Nikafungua shawa kujaribu.

Dakika ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Nikamwita Mwanaidi aje ashuhudie. Ya tatu, ncha ya silikoni ikanyanyuka kwenye kona, ikapunga. Nikaivuta kidogo tu kuona. Ikaja yote. Yote! Mita mbili, kipande kimoja, kama mkanda wa suruali. Nimebaki nimeushika.

Maji yakatokea koridoni. Mwanaidi akaleta dekio, akaliegemeza kwenye mkono wangu, akaondoka.

Nimedeki. Nimeketi kwenye ukingo wa trei. Nikafunga komeo, nikafungua maji, nikataka kujua kaka alikuwa anasikia nini humu. Ni kweli, maji yana kelele. Hata mtu akitamka jina la marehemu, nje hawasikii. Nikalitamka mara moja, kujaribu tu. Shemeji Shamimu. Kisha nikafunga maji kwa sababu ya simtanki.

Mwezi wa tatu kaka alinipigia simu kwamba shemeji anaumwa na anauliza nitakuja lini. Nikamwambia ofisini kuna ukaguzi na ruhusa zimefungwa. Ukaguzi ulikuwepo. Ruhusa sikuomba.

Sitaki kuandika zaidi leo.


Jumanne, 22 Julai

Leo nimeomba ruhusa kazini nikarekebishe bafu. Ofisa wangu akasaini bila kuinua kichwa. Dakika mbili. Nimetoka na karatasi mkononi, nikasimama kwenye korido ya ofisi muda mrefu kuliko huo.

Nilipofika nyumbani nimemkuta kaka bafuni. Hakualikwa. Alikuwa amepiga magoti, mbele yake wembe wa kukatia, chupa ya spiriti, vitambaa vikuukuu, solotepu ya karatasi na tyubu mpya. Nyeupe. Miwani ya Thomas puani. Akasema Mwanaidi amemweleza kwamba inavuja. Akasema nivue viatu.

Tumefanya kazi saa nne. Ameanza na kukwangua. Alikuwa anaingiza wembe kwa mlalo, anasukuma taratibu, na ile silikoni mbaya inabanduka kama ganda la yai. Mimi niliposukuma akanishika mkono, akausawazisha. Nikasema panatosha, panaonekana safi. Akapitisha kucha, akatoa chembe.

"Ikibaki hata hii, mpya haishiki," akasema. "Inakaa juu juu tu, siku ya maji inaondoka yote."

Nikamwambia najua. Nilijua tangu jana.

Tukafuta kwa spiriti. Tukakausha. Akabandika solotepu juu na chini ya mwanya, akanipa bunduki nikamue mimi. Nikaibonya, haikutoka kitu. Akaweka wake juu ya wangu, tukaenda pamoja, kutoka kona hadi kona, bila kusimama. Kisha akachovya kidole kwenye maji ya sabuni, akapitisha mara moja tu. Akatoa solotepu. Mstari mmoja, mweupe, sawa. Nilitaka kulia kwa uzuri wake. Kwa uzuri wa mstari, nasema.

Hapo ndipo aliposema, bado amepiga magoti, ananawa kidole.

"Shamimu alikuwa anakuulizia."

Nikasema, "Mimi?"

"Siku zile za mwisho. Anauliza, Nurdini anakula? Nikamwambia ana mke, ana kazi, atakosaje kula. Kesho yake anauliza tena."

Sikuwa na maji ya kufungua. Hayakuruhusiwa kwa saa ishirini na nne. Nilikuwa na maneno, nayaona, yamejipanga: Kaka, nisamehe, sikuomba ruhusa. Mafupi kabisa. Ofisini naandika barua ndefu kuliko hiyo kila siku.

Nikamwambia anipe kile kitambaa, kuna tone limedondoka pale.

Akanipa.

Baadaye, tukinywa chai, akasema Alhamisi ataenda nyumbani. Alizeti zimevunwa zinangoja kupigwa, na wajukuu wamempigia simu. Akasema amekaa vya kutosha. Nikasema ee, alizeti hazingoji. Mwanaidi akainuka na kikombe chake kabla hakijaisha.


Jumatano, 23 Julai

Nimepanga kumzuia kaka. Mpango: nimwambie tu abaki.

Nilivaa, nikaenda hadi kwa Thomas. Thomas akanifungulia, akaniuliza kama nimekuja kuona hita. Nikaona kaka nyuma yake akikunja kanzu. Nikasema ndiyo. Nimeonyeshwa hita. Nimeelezwa hita. Ina taa nyekundu ikiwa inachemsha na ya kijani ikiwa tayari. Nimerudi nyumbani.


Alhamisi, 24 Julai

Amepanda basi la Babati linalopita Kolo. Tumemsindikiza stendi watatu, mimi, Mwanaidi na Thomas. Thomas amembebea begi. Nilitaka kubeba mimi, tukavutana kidogo, mkanda ukakatika. Thomas akaufunga fundo.

Mwanaidi akamwambia, "Shemeji, bafu limekauka tangu jana jioni. Hukuoga hata mara moja."

Kaka akacheka kidogo. Akasema wataoga wenye nyumba. Akanishika bega, akasema niwe nakula.

Nikamwambia awasalimie wote. Nikarudia. Nadhani nilirudia mara nne, basi likiwa linaondoka, nakimbia pembeni ya dirisha nikisema awasalimie wote. Vumbi likanijaa kinywani.

Tumerudi. Chumba kile sasa kinaweza kuwa ofisi yangu, kama nilivyokusudia tangu mwezi wa sita. Nimeweka kiti. Nimekikalia. Nimekirudisha sebuleni.


Jumapili, 27 Julai

Siku tatu. Bafu halivuji hata tone. Koridoni pakavu. Hakuna anayeoga zaidi ya dakika saba. Mwanaidi anaingia, anatoka, haimbi kama zamani. Thomas ameniuliza juu ya ukuta kama nina habari za Mzee Hassani. Nikamwambia anaendelea vizuri. Sina habari zake. Nimeshika simu mara sita, na mara zote sita nimeona kwamba haifai kumsumbua mtu mwenye alizeti bila sababu ya msingi.

Sababu ya msingi!

Baada ya swala ya adhuhuri nikachukua wembe. Nikapiga magoti mahali alipokuwa amepiga. Nikakata kwenye kona ya kushoto, kipande kidogo, upana wa ukucha. Ni mstari mzuri sana ule, mkono uliniuma. Nikafungua maji. Baada ya dakika nne yakatokea koridoni, kama mto! Sikuwahi kufurahi hivyo kuona maji.

Nikampigia mara moja. Nikamwambia kaka, maafa, inavuja tena, na mimi sijui, na mafundi wa mjini ni waongo, ni yeye peke yake ajuaye.

Nikasikia mashine ya alizeti nyuma yake, na watoto. Akauliza ni kona ipi. Nikasema ya kushoto. Akauliza kama imebanduka au imekatwa. Nikasema imebanduka. Kisha akaanza kunieleza, polepole, hatua kwa hatua: nikwangue wapi, nifute na nini, nibandike vipi solotepu, kidole kipite mara moja tu. Dakika kumi na moja. Nimeandika yote nyuma ya bahasha. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akasema basi haina haja ya yeye kuja, mimi mwenyewe naweza, mkono wangu umeshazoea.

Akauliza kama kuna jingine.

Nikasema hakuna.

Akakata. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na dekio. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Kona moja ni tatizo dogo mno, ndiyo maana haji. Kesho nitakata upande wa kulia.